Siti ya Katikati

Kuna sauti ndogo ambayo kila aliyewahi kuvuka bahari kwa ndege anaijua: karatasi ya foili inachanwa kwenye ukingo wa kichombo cha chakula, halafu ya pili, halafu zote kwa pamoja, kutoka mbele kuja nyuma. Baada ya sauti huja harufu. Kuku aliyepashwa moto mpaka akasahau kuwa aliwahi kuwa na mabawa, wali uliotoka jasho, siagi, na chini ya vyote hivyo soksi za watu wengi waliovua viatu. Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyumbani kutoka ng'ambo, nimekunjwa kwenye daraja la kawaida, magoti yangu yakisukuma mgongo wa mtu nisiyemjua, na foili ya kwanza ilipochanwa nikaziba pua kwa ncha ya kitenge. Kijana aliyekaa kando yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani.

Wenzangu wa umri wangu hupenda kusimulia safari yao ya kwanza ya ndege huku macho yanang'aa. Wanasimulia mawingu. Mimi mawingu hayo niliyaona kipande tu, juu ya bega la Bibi yangu, na nilichobaki nacho ni kinyaa. Kilinikaa kooni tangu tulipofunga mikanda hadi tuliposhuka Kasulu, kikaendelea kukaa baada ya hapo, na nusura kininyime baba.

Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele. Mama alikuwa anasomea uuguzi Kanada, katika mji ambao theluji yake ilikuwa ya kijivu kabla hata haijakanyagwa. Alinichukua nikiwa bado nabebwa mgongoni, akamwacha Baba Kasulu akifundisha sekondari. Baadaye zamu za hospitali zilipomzidi, akamwita mama yake atusaidie. Bibi akatoka Kitahana, upande wa Kibondo, akaja na vitenge vyake na jembe dogo lisilo na mpini ambalo hakuwahi kulitumia. Ni yeye aliyenilea. Alinilisha, akanisuka, akanifundisha kusema kwa Kiha kidogo na Kiswahili kingi. Baba alikuwa uso kwenye simu, uso unaoganda katikati ya neno.

Magoti ya Bibi yaliposhindwa na baridi, ikaamuliwa arudi nyumbani, na mimi nirudi naye mpaka Mama amalize masomo. Baba akaja kutuchukua. Lakini nyumbani ni wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bibi alinitaka Kitahana, kwani alikuwa anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Baba alinitaka Kasulu, kwani mimi ni mtoto wake na hajawahi hata kunifunga kamba za viatu. Wangeweza kulizungumza wakalimaliza, ila hao wawili walikuwa hawazungumzi. Basi Mama, siku moja akinikausha nywele, akaniambia, "Mkifika, utachagua mwenyewe. Kwa Bibi au kwa Baba. Hakuna atakayekulazimisha." Alidhani ananipa uhuru. Alinipa mzigo, na mimi nikaubeba kwa namna ya mtoto: nikaanza kumkagua Baba kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Niliyoyaona hayakunipendeza. Mwezi mzima aliokaa Kanada hakulala kwetu. Alilala ghorofa ya chini kwa Mrundi mmoja mwenye mbwa. Akija kuniona alikuwa anasimama nje ya mlango anakohoa, kohoo moja zito, halafu anasubiri, na papo hapo Bibi anaacha anachokifanya, anajifunika kichwa, anaingia chumbani na kufunga mlango. Hakuna siku walikula pamoja. Hakuna siku Bibi alimtazama. Nikajumlisha kwa hesabu zangu: mtu anayekohoa hivyo ana kitu kifuani, na mtu ambaye Bibi, aliyekuwa akinifuta kamasi kwa vidole vyake, hawezi hata kumtazama, lazima awe mchafu kwa namna ambayo mimi bado sijaiona.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali wakionana, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wala si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na heshima hiyo inataka nafasi: ua wenye pande mbili, nyumba yenye mlango wa nyuma, njia yenye majani kandoni. Mimi hakuna aliyenieleza. Kwa Bibi, kulieleza jambo hilo kungekuwa kama kueleza kwa nini watu wanavaa nguo.

Uwanjani, kwenye kaunta, tukakuta mashine imetupanga mstari mmoja, sisi watatu, tena mstari wa mwisho kabisa. Baba akainama kwa yule dada wa kaunta.

"Naomba tutenganishwe, mimi na huyu mama."

"Kuna tatizo kati yenu?"

"Hakuna tatizo. Ni mama wa mke wangu."

"Mmegombana?"

"Hapana. Namheshimu sana."

Dada akamtazama Baba, akamtazama Bibi aliyekuwa amesimama mbali akiwa ametupa mgongo. "Unamheshimu," akasema polepole, "kwa hiyo hutaki kukaa naye."

"Ndiyo, umenielewa vizuri," Baba akasema kwa furaha ya kweli.

Hakueleweka hata kidogo. Ndege ilikuwa imejaa. Ndani, Baba alijaribu tena kwa abiria mmoja mmoja, akitoa siti yake kwa tabasamu la mchuuzi, lakini nani angeitaka? Mstari wa mwisho mgongo wa siti haulali, na nyuma ya ukuta wake kuna choo. Kila mlango wake ulipofunguliwa ulitutemea hewa: dawa ya maua ya uongo, na mkojo wa kweli. Bibi akaingia dirishani. Baba akakaa kwenye njia. Mimi nikawekwa katikati, na bila kuambiwa nikaelewa kuwa mimi ni ukuta.

Nilikuwa ukuta mdogo mno. Bibi alijifunika kitenge kuanzia kichwani, akageukia dirisha mpaka shingo ikaonekana itakatika. Baba akageukia upande wa pili, nusu ya mwili wake ikining'inia njiani, na kila mtu aliyekwenda chooni akampiga paja au tumbo begani. Siti zile zilikuwa na jasho la waliotutangulia. Kwenye mfuko wa mbele yangu nilikuta kipande cha ukucha, kikubwa, cha mguu, kimepinda kama mwezi mchanga. Nikamwonyesha Bibi. Akakifunga kwenye tishu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwambie baba yako mkono wake uko kwenye kiti chako."

Baba alikuwa umbali wa kiganja. Nikageuka. "Baba, mkono."

"Mwambie bibi yako nimeuondoa."

"Bibi, ameuondoa."

"Ego," Bibi akasema kwa Kiha, kwamba sawa.

Hivyo ndivyo tulivyovuka bahari. Mwambie baba yako hewa ile ya juu inanipiga masikio. Mwambie bibi yako naifunga sasa hivi. Mwambie baba yako akilala asiegemee huku. Nikiwapelekea maneno niliwasikia wote wawili wakipumua, na nikaanza kunusa. Baba alinuka mbwa wa Mrundi, na wembe, na kitu kama chaki iliyolowa. Chakula kilipokuja Bibi hakugusa. Alikiacha kimefungwa, akakataa hata maji. Baba naye hakula kwa muda mrefu, akishika uma kama mtu aliyesahau kazi yake, hadi mhudumu alipokaribia kukusanya. Hapo akageuka kabisa, akatupa mgongo, akala kwa kuinama njiani, haraka haraka, akimeza bila kutafuna, mchuzi ukimchuruzika kidevuni. Nilimwona kwa ubavu. Nikajiambia, fisi. Alikuwa anajificha ili Bibi asimwone anakula, nami niliona mtu anayekula kama mwizi.

"Bibi, mbona huli?"

"Sina njaa."

"Ni kwa sababu ya Baba?"

Alinitazama kutoka ndani ya kitenge. "Ni kwa sababu ya baba yako," akasema, na hakuongeza. Hakujua amenipa nini.

Baadaye wakatuambia tushushe vifuniko vya madirisha ingawa nje kulikuwa na jua. Watu wakalala kwa amri. Usingizi wa daraja la kawaida ni kitu cha aibu, midomo wazi, mate, miguu mitupu imepandishwa ukutani, mtu mmoja anajamba ndani ya blanketi na mstari mzima unajifanya haujui. Baba alisimama mara nyingi akaenda kusimama mbali, kule katikati ya ndege, ili Bibi apumue. Kila mara wahudumu walimrudisha: taa ya mikanda, kigari cha vinywaji, au kwamba anaziba njia. Alirudi akiomba radhi, akajipenyeza, akatugeuzia tena ule mgongo wake.

Ndipo Bibi akaniinamia. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini si maji aliyoyataka.

"Choo," akasema.

"Kiko hapa nyuma, Bibi."

"Hapo hapana." Ukuta ulikuwa mwembamba, na masikio ya mkwe wake yalikuwa upande huu wa ukuta. "Mwambie baba yako atoke."

"Aende wapi?"

"Aende tu."

Nikamwambia. Baba akaondoka kwenda mbele na kupotelea gizani. Tukatoka. Lakini kwenye mlango wa choo palikuwa na foleni ya wanaume, karibu wote wa rika la wakwe zake, wakijinyoosha na kupiga miayo, na Bibi hakuweza kusimama kati yao. Akanishika mkono. "Twende mbele." Tukatembea njia nzima, yeye akiwa ameinama kidogo, hatua fupi fupi, mpaka tukafika kwenye pazia. Nyuma ya pazia niliona mwanga wa rangi ya asali, siti pana kama kitanda, na ua kwenye glasi. Mhudumu akatoka kabla hatujaligusa.

"Vyoo vyenu viko nyuma," akasema.

"Bibi yangu anaumwa," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha chekechea.

"Nyuma, mpenzi," akasema akitabasamu, na akalivuta pazia likafungika vizuri zaidi.

Nimeyaona mengi machafu tangu siku hiyo, lakini lile pazia na lile tabasamu bado vinanitia kichefuchefu kuliko ukucha. Tukageuka. Na katikati ya njia, akija kwetu, alikuwa Baba. Alikuwa amesimama kwenye njia ya upande wa pili wa ndege, na huko nako wamemfukuza. Nyuma yake kulikuwa na kigari cha vinywaji kinachomsukuma, na nyuma yetu pazia. Njia ile ina upana wa mtu mmoja.

Kitahana, angeingia majanini. Hilo ndilo ninalolifikiria mpaka leo, jinsi alivyotazama kulia na kushoto akitafuta majani. Hakukuwa na majani, kulikuwa na magoti ya watu. Akaingia kwenye magoti hayo. Akapanda juu ya mzungu aliyelala, akakanyaga mguu wa mama mmoja, akajibandika uso kwenye siti, mgongo kwetu, huku watu wakiamka na kumtukana. "Samahani, samahani," alikuwa anasema ndani ya kitambaa cha siti. Lakini hata hivyo mgongo wake ulikuwa njiani, na ili kupita Bibi angelazimika kuugusa. Bibi akasimama. Akavuta kitenge mpaka mdomoni. Kigari kikagonga kisigino cha Baba. Nikauvuta mkono wa Bibi, haukuvutika, na kisha nikahisi joto likiingia kwenye soksi zangu.

Halikuwa na sauti. Zulia lilikuwa jeusi. Bibi alisubiri mpaka likaisha, akasimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, akapita akiugusa mgongo wa mkwe wake kwa bega, kwa sababu sasa hakukuwa tena na cha kulinda. Tulipokaa akaniambia, "Baba yako asijue." Alikuwa analia bila kubadilisha uso. Mimi nilivua soksi zangu nikazisukuma chini ya siti ya mbele, nikajifuta kwa leso ya chakula, na kile kinyaa nilichokuwa nacho kikahitaji mahali pa kwenda. Kwa Bibi hakikuweza kwenda. Kikaenda kwa mtu aliyeziba njia.

Walipowasha taa na kumlazimisha Baba kurudi kwenye siti, harufu ilikuwa imeshaanza kupanda. Alikaa. Nilimwona akivuta hewa mara moja, akatulia. Halafu akainama, akafungua kamba za viatu vyake vipya vya safari, akavivua vyote viwili, na soksi. Sijawahi kunusa miguu kama ile. Ilikuwa myeupe kwa jasho, imekunjamana kama ya mtu aliyeoga siku nzima. Nikafunika pua kwa kola. Mtu wa mbele yetu, mwenye kipara, akageuka huku amekunja uso, akamwita mhudumu.

"Kuna mtu hapa nyuma ananuka. Ni mkojo au ni nini sijui."

Mhudumu akatuangalia sisi watatu, akaanza kwa Bibi. Baba akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Ni mimi," akasema. "Ni miguu yangu. Ni ugonjwa, nisameheni."

Watu wakageuka. Mmoja akacheka, mwingine akatoa simu. Mhudumu akaleta kopo la dawa ya hewa, akapuliza kuizunguka miguu ya Baba, mbele, kando, katikati ya vidole, kama anayeua mende. Baba alikaa mikono juu ya magoti, akitazama mbele. Bibi hakugeuka, lakini kitenge chake kilikuwa kinatetemeka.

Nanyi mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: maskini, anaamini kweli ni yeye. Amezoea kunuka kiasi kwamba harufu yoyote mbaya anadhani ni yake. Mimi nilijua ukweli na nilikuwa nimeutunza kama nilivyoagizwa, na nikamdharau kwa kutoujua.

Tulipotua Dar, aliniambia bila kugeuka, "Mwambie bibi yako lile blanketi la ndege tunaruhusiwa kuondoka nalo. Ajifunge, kuna baridi nje." Dar hakuna baridi, hata mimi nilijua, na mablanketi wanayahesabu. Bibi akajifunga. Mlangoni Baba akatangulia, akamzuia mhudumu kwa maswali marefu ya kipumbavu kuhusu begi ambalo hatukuwa nalo, mpaka Bibi akapita nyuma yake na blanketi kiunoni. Nilitembea kwa mbali, nisije nikadhaniwa ni wake.

Kwenye basi la kwenda Kigoma alikata tiketi ya nyuma kabisa, sisi mbele. Safari nzima sikumtafuta kwa macho. Tukashuka stendi ya Kasulu asubuhi, vumbi jekundu, watu wa bodaboda wakituita, harufu ya mihogo inayochomwa, na kulikuwa na hiace inayokwenda Kibondo imewasha injini. Konda alikuwa ameshapakia masanduku ya Bibi na langu pamoja. Simu ya Baba ikalia. Alikuwa Mama. Baba akaiweka spika, akaishika kati yetu, mkono umenyooka, uso umegeukia upande wa maduka.

"Mmefika salama?" Mama akasema. "Haya, mwanangu. Umeamua?"

"Kwa Bibi," nikasema.

"Sawa. Baba yako atakuja kukutembelea, eti?"

"Asije," nikasema. "Ananuka. Hata Bibi hawezi kumtazama. Kwenye ndege walimpulizia dawa."

Mkono wa Baba ulioshika simu haukushuka. Konda akacheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Nilimsikia Mama akiita "haloo, haloo", halafu simu ikakatika.

Bibi alikuwa hatua chache, amejifunika, ametupa mgongo kama kawaida. Alikuwa ameshapata alichokuja kukitaka. Nyumba yake ya Kitahana ingekuwa na mtu. Angeweza kupanda gari tu.

"We mwana, njoo hapa," akaniambia. Nikaenda. Akachuchumaa, magoti yake yakalia. "Baba yako hanuki."

"Ananuka, Bibi. Mwenyewe alisema."

"Ndiyo," akasema. "Alisema." Akanitazama muda mrefu, akitafuta kama kuna njia ya kuliendeleza neno hilo bila kulivua nguo lile jambo lote pale stendi, na hakuiona. Akasimama, akamgeukia konda. "Sanduku la mtoto lishuke."

"Bibi."

"Lishuke. Na wewe kamwambie baba yako," na sasa alisema kwa sauti ambayo ingefika mpaka upande wa maduka, "mwambie nimempa mtoto wake. Mwambie ni mimi niliyempa."

Sikumwambia, nililia. Haikuhitajika. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mikono miwili mbele, kama mtu anayepokea kitu kizito. Hiace ikaondoka na Bibi akiwa amekaa dirishani, uso wake umeelekea upande ule mwingine.

Nyumba ya Baba iko kwenye barabara ya kwenda Heru Juu, vyumba viwili na ukumbi wa saruji. Nilikaa humo kama mgeni katika gesti chafu. Sikuruhusu anisuke. Nilikunywa maji kwa kikombe changu nilichokificha chini ya kitanda. Kila jioni alipika ugali wa muhogo na maharage, au samaki wa migebuka akibahatika, akaweka sahani moja katikati ya meza kama watu wa nyumba moja wanavyokula, na kila jioni mimi nikakata tonge moja kabla hajanawa, nikaenda kulila nje. Hakunigombeza. Ila alianza tabia. Akitoka shuleni, kabla ya kuvuka kizingiti, alileta beseni uani, sabuni ya mche na jiwe, akakaa kwenye kigoda na kusugua miguu. Alisugua visigino, katikati ya vidole, mpaka ngozi ikageuka rangi. Majirani walipita wakamtania. "Mwalimu, unaenda kuoa?" "Nina mkaguzi nyumbani," alijibu.

Mvua zilikuwa zimeshakaribia kwisha nilipomsogelea. Sijui kwa nini siku ile. Labda nilikuwa nimechoka kula nje peke yangu kati ya kuku. Nilisimama karibu na beseni, akainua macho, akatoa mguu mmoja kwenye maji na kuunyoosha.

"Haya, mkaguzi. Nusa."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikainama, nikanusa. Sabuni. Nikasogea zaidi. Sabuni, na chini yake mguu wa mtu aliyetembea kutoka kazini, jasho la kawaida kama langu mwenyewe. Niliijua harufu ya mguu wake, ndiyo hii, na niliijua ile nyingine ya ndege, iliyokuwa kwenye soksi zangu. Hazikufanana hata kidogo. Mtu mwenye pua asingeweza kuzichanganya. Nikatazama pua yake, pua kubwa, nzima, iliyovuta hewa mara moja tu kabla mikono yake haijaenda kwenye kamba za viatu.

"Kumbe ulijua," nikasema.

"Nilijua nini?"

"Kwenye ndege. Haikuwa miguu yako. Ilikuwa Bi—"

Akainua kidole. Hakuwa mkali, lakini niliishia pale pale.

"Mwanangu," akasema, "kwenye ndege mimi nilinuka miguu. Abiria wote waliniona."

Akamwaga maji kwenye migomba, akaliegemeza beseni ukutani, akaingia ndani bila viatu. Nikabaki uani kidogo. Kisha nikaenda kwenye ndoo, nikanawa mikono, nikaingia. Sahani ilikuwa mezani, moja, ugali unatoa moshi. Nikavuta kiti upande wangu, nikakata tonge, nikachovya mahali alipochovya yeye.